Meza ya macho, ulimi na pua: shajara ya mradi wa klabu yetu ya baiolojia

Jumamosi, tunaanza

Basi tumeanza rasmi. Mradi ni meza tatu za maonyesho ya sayansi ya shule hapa Tanga, moja ya jicho, moja ya ulimi, moja ya pua, na sharti nililowapa madogo wa klabu ni moja tu, hakiwekwi mezani kitu ambacho mgeni hawezi kukishika au kukijaribu kwa mwili wake mwenyewe. Chati hapana. Chati zimekaa ukutani miaka na miaka, wanafunzi wanazichora vizuri mno, mishale imenyooka, majina yote sahihi, halafu ukimuuliza mtu retina yako wewe, lile tabaka la ndani ya jicho linalopokea mwanga, iko wapi anaangalia dari. Inaniuma kweli kwa sababu hii topiki ya koodinesheni (jinsi mwili unavyohisi na kuitikia mambo) ya kidato cha tatu ni topiki ambayo kila mtoto anakuja darasani na vifaa vyote tayari, amevibeba kichwani, hatuhitaji hata kuomba bajeti.

Macho ya ng'ombe nimeongea na kaka mmoja wa machinjioni. Bucha za mjini huwezi kupata maana vichwa vinachukuliwa mapema na watu wa supu. Viungo tunavyo vya kutosha, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga zinashuka kutoka milima ya Usambara upande wa Amani na Muheza, kwahiyo meza ya pua haina shida kabisa.

Jumatatu, jicho la ng'ombe

Leo ndio siku niliyokuwa naisubiri. Wembe na mkasi nashika mimi, wao glavu na trei, na nimewaambia mapema kwamba hiki ni kiungo cha mnyama tutakichukulia kwa heshima, hakuna kurushiana. Wakaelewa.

Kwanza nje. Jicho la ng'ombe ni kubwa kuliko letu (la mtu mzima ni kama milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma) na mboni yake imelala kwa upana wakati yetu ni duara. Mafuta na nyama tukavitoa taratibu, vile vipande vya nyama ndio misuli ya kuzungusha jicho, sisi binadamu tuna 6 kwa kila jicho, halafu nyuma kinatoka kile kishina cheupe kigumu, neva ya jicho. Nikampa kila mmoja akibonyeze, kwetu ndani ya kishina kama hicho zinapita nyuzi karibu milioni 1 na kila kitu ulichowahi kuona maishani kimepita humo.

Mbele kuna konea, kile kioo angavu kinachofunika jicho. Imeshaanza kuingia ukungu kwa sababu mnyama alichinjwa alfajiri, lakini ukiibonyeza unasikia ilivyo nene. Hapa nikakaa sana maana wengi wanadhani lenzi ndio inafanya kazi kubwa ya kupinda mwanga, kumbe konea peke yake inabeba kama theluthi mbili, kwa sababu pale ndipo mwanga unatoka hewani na kuingia kwenye tishu na tofauti ya hivyo viwili ni kubwa. Ushahidi wanao wenyewe, hawa ni watoto wa pwani, wote wameshapiga mbizi pale Raskazone na wanajua ukifungua macho chini ya maji kila kitu kinakuwa ukungu. Maji na konea vinapinda mwanga karibu sawasawa, kwahiyo konea inakuwa haina kazi, lenzi peke yake haitoshi. Ukivaa miwani ya kuzamia unarudisha hewa mbele ya konea na unaona tena. Kuna kijana baba yake mvuvi, amekuwa akitumia hiyo miwani tangu mdogo, akasema "Ticha mimi nilijua inazuia chumvi tu".

Tukakata katikati. Maji ya mbele yakamwagika, halafu ukatoka ule ute wa nyuma, mzito unateleza kama weupe wa yai bichi, ndio unaofanya jicho lisinywee. Lenzi tukaitoa nzima, ina rangi ya manjano kidogo, tukaiweka juu ya gazeti na herufi zikakua. Wakaipokezana. Kwenye jicho hai hiyo lenzi imeshikwa na nyuzi nyembamba pande zote, na misuli inayoizunguka ikikaza zile nyuzi zinalegea, lenzi inanenepa na unaona karibu. Ndio hivyo, misuli kukaza, nyuzi kulegea, wanafunzi wengi wanaandika kinyume kwenye mtihani. Na lenzi inazidi kuwa ngumu kadiri umri unavyokwenda, haikubali tena kunenepa, ndio maana wazee wakishavuka arobaini wanaanza kusogeza simu mbali wasome meseji.

Halafu retina. Ni kitambaa chembamba mno, kijivu cheupe, kinabanduka chenyewe ukikigusa na kibanio, unakikunja chote mpaka unafika sehemu moja kinagoma. Binti mmoja akauliza mbona hapa hakitoki. Nikamwambia shika hapohapo, usiachie, kila mtu apite aangalie, kwa sababu hapo ndipo nyuzi zote zinakusanyika kutoka nje kwenda kwenye neva, na pale penyewe hakuna seli hata moja ya kupokea mwanga. Jibu kamili ni Jumatano.

Chini ya retina kukang'aa rangi ya bluu na kijani, nzuri ajabu, kelele zilizopigwa mpaka mwalimu wa jirani akaja. Hiyo sisi hatuna. Ni tabaka linalorudisha mwanga upite mara ya pili kwenye retina, linamsaidia ng'ombe usiku, na ndilo linalowaka ukimmulika na taa ya gari barabarani. Retina ya mtu haina hicho kioo nyuma yake, kuna tabaka jeusi linalonyonya mwanga uliobaki.

Jumatano, doa lisiloona

Kadi nyeupe, msalaba kushoto, nukta nyeusi kulia, sentimita 8 kati yao. Funika jicho la kushoto, jicho la kulia likazie msalaba, sogeza kadi taratibu kutoka mbali. Ikifika kama sentimita 30 hivi kutoka usoni nukta inapotea. Ipo kabisa kwenye kadi lakini haipo. Kila mtoto alipata, na wengi wakarudia kwa jicho la pili bila kuambiwa.

Aliyegundua hii ni Mfaransa Edme Mariotte, miaka ya 1660, na hakuanzia kwenye kadi, alianzia kwa kuona kwamba neva haiingii katikati ya jicho, inaingia pembeni upande wa pua, akajiuliza mwanga ukianguka pale inakuwaje. Nawapenda watu wa namna hiyo, ameona kitu kwenye nyama akaenda kukitafuta kwenye macho yake mwenyewe. Ndio mpangilio tuliofuata sisi, Jumatatu wameshika ile sehemu kwa kibanio, leo wameiona kwa kutokuona.

Kilichowashangaza zaidi ni toleo la pili, tulipochora mstari unaopita katikati ya nukta. Nukta ikipotea mstari hauonyeshi pengo, unaendelea mzima. Ubongo unajaza. Hapo maswali yakaja mengi mpaka kengele, kwamba sasa kama ubongo unajaza pale unajaza na wapi kwingine, na mimi nikafurahi kwa sababu hilo ndilo swali lenyewe. Ukweli ni kwamba picha kali tunaipata sehemu ndogo sana ya katikati ya retina, pale seli koni, zile za kuona rangi na picha kali, zimebanana, upana wake ukinyoosha mkono mbele ni kama kucha ya dole gumba. Pembeni kote kuna ukungu. Macho yanaruka mara kadhaa kila sekunde kukusanya vipande na ubongo unakupa dunia nzima iliyotulia.

Swali lingine likatoka kwa yule kijana wa baba mvuvi, je kuna mnyama ambaye hana hilo doa. Yupo, na yupo soko la samaki kila asubuhi. Pweza. Kwetu sisi nyuzi za neva zimelala mbele ya seli zinazopokea mwanga, kwahiyo lazima zitoboe retina mahali fulani zitoke. Kwa pweza seli zinaangalia mwanga moja kwa moja na nyuzi zinatokea nyuma, hazina haja ya kutoboa chochote. Jicho lake na letu yanafanana kwa nje, lenzi, mboni, retina, lakini yalitokea kwa njia mbili tofauti kabisa. Kijana amesema pweza ataleta yeye.

Ijumaa, chumba cha giza

Stoo ya maabara tumeziba dirisha lote kwa makaratasi meusi, tukaacha tundu dogo. Nje jua kali. Ukutani ikatokea picha ya uwanja wa shule, miti na mlingoti wa bendera, kichwa chini miguu juu, na mtu akipita nje anatembea darini. Hatujatumia lenzi wala umeme.

Hili jambo Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyefanya kazi Cairo, alilichunguza karne ya 11 na ndiye aliyesimamia hoja kwamba tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye vitu kuja machoni, wakati wengi kabla yake walishikilia kwamba jicho ndilo linatoa miale. Picha kupinduka kwenye retina ilielezwa vizuri na mwanaastronomia Mjerumani Kepler mwaka 1604, na mwaka 1637 mwanafalsafa Mfaransa Descartes akaeleza jaribio la kuchukua jicho la ng'ombe, kukwangua nyuma mpaka libaki tabaka jembamba, na kuona picha iliyopinduka imetokea pale. Jicho la ng'ombe, jamani, kilekile tulichoshika Jumatatu.

Kitu cha pili ndani ya stoo ni kuzoea giza. Mgeni anafunikwa jicho moja kwa kitambaa akiwa bado nje kwenye jua, tunampa kama nusu saa anazunguka meza nyingine, halafu anaingia stoo na kufungua. Jicho lililofunikwa linaona mabenchi na chupa, lile lingine halioni kitu. Ukibadilisha kufumba hili na lile unaona tofauti waziwazi, ni mtu mmoja lakini ana macho ya watu wawili. Sababu ni kemikali. Seli fimbo, zile za mwanga hafifu ambazo tunazo karibu milioni 100 kwa kila jicho, zina rangi inaitwa rodopsini, na mwanga mkali unaivunja karibu yote. Kuirudisha kunachukua kama dakika 30. Seli koni ambazo ni milioni chache tu zinapona haraka lakini gizani hazisaidii, na ndio maana usiku rangi zinapotea.

Hiyo rodopsini inatengenezwa na vitamini A. Hapa sikutaka kupita haraka, kwa sababu upofu wa usiku sio habari ya vitabuni, mtoto asiyepata vitamini A anaanza kujikwaa magharibi kabla hata konea haijaharibika, na ikishaharibika inaweza kuwa upofu wa kudumu. Matone ya vitamini A watoto wa miezi 6 mpaka 59 wanapewa mara mbili kwa mwaka na wanafunzi wangu wengi wamewabeba wadogo zao kwenda kupewa bila kujua yanafanya nini jichoni. Sasa wanajua. Mezani tutaweka viazi lishe vile vya rangi ya machungwa, mchicha, karoti na chupa ya mawese.

Jumanne, ulimi, na ile ramani itoke

Kuna ramani ya ulimi kwenye notsi za karibu kila mtu, utamu mbele, uchungu nyuma, uchachu na chumvi pembeni. Nimesema meza ya ulimi kazi yake ya kwanza ni kuiondoa.

Historia yake ni hii. Mwaka 1901 Mjerumani David Hänig alipima kingo za ulimi akakuta tofauti ndogo ndogo za wepesi wa kuhisi ladha kati ya sehemu na sehemu. Mwaka 1942 mwanasaikolojia wa Harvard, Edwin Boring, akaweka matokeo hayo kwenye grafu ambayo ilifanya tofauti zionekane kubwa mno, na vitabu vikachukua kwamba kila ladha ina mtaa wake. Mwaka 1974 Virginia Collings akapima upya, tofauti zipo kweli lakini ni ndogo na ladha zote zinahisiwa kila penye vionjio, yaani vile vifuko vidogo vya seli za kuhisi ladha. Tangu 1974! Na bado tunaikariri.

Jaribio letu ni vijiti vya pamba na vikombe, maji ya sukari, maji ya chumvi, maji ya ndimu, na majani ya mwarobaini yaliyochemshwa kwa ajili ya uchungu. Kila mtu na kijiti chake, kikishaguswa ulimi kinatupwa, hakirudi kikombeni. Wakapima ncha, pembeni, nyuma. Sukari nyuma, ipo. Mwarobaini kwenye ncha, upo, na sura zao zilitosha kuwa jibu. Katikati ya ulimi ndio kumepoa kwa ladha zote kwa sababu vionjio pale ni vichache.

Tukapaka pia rangi ya keki ya bluu kwenye ulimi, kitu rahisi na kizuri sana. Vile vinyweleo vinavyofanya ulimi uwe na mkwaruzo vinashika rangi, na havina vionjio kabisa, halafu vinabaki vinundu vya mviringo vya rangi ya waridi, hivyo ndivyo vyenye vionjio. Wengine wana vingi wengine vichache, unahesabu kwa kioo. Ndani ya kila kionjio kuna seli kama 50 mpaka 100 na zinabadilishwa kila baada ya wiki moja au mbili, ndio maana ulimi ukiungua na chai ya moto unapona.

Ladha ya tano ilihitaji jiko. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda wa Tokyo alitoa glutameti kwenye mchuzi wa mwani akasema hii ni ladha ya peke yake, umami. Sisi tumepika dagaa wakavu na nyanya, sufuria ya dagaa peke yake, ya nyanya peke yake, na ya pamoja, zote bila chumvi. Nyanya ina glutameti, dagaa wana kemikali nyingine ya umami inaitwa inosineti, na hivyo viwili vikikutana kwenye kipokezi kimoja (molekuli ya seli inayonasa kemikali) vinaongezeana nguvu kuliko ukijumlisha kila kimoja. Mama zetu wanaunga dagaa kwa nyanya na sababu iko kwenye molekuli. Hii nimeipenda kuliko zote za meza hii.

Pilipili tumeiweka pembeni makusudi maana sio ladha. Kapsaisini, kemikali ya ukali wa pilipili, inafungua kipokezi cha maumivu na joto, kilekile kinachofunguka kwenye joto la nyuzi 43 hivi, David Julius na wenzake walikipata mwaka 1997 na Tuzo ya Nobel ikafuata 2021. Habari haipiti kwenye neva za ladha, inapita kwenye neva inayobeba hisia za kuguswa na maumivu za usoni, na ndio maana ukijifikicha jicho na mkono wa pilipili jicho nalo linawaka, wakati jicho halina kionjio hata kimoja. Maji hayasaidii kwa sababu kapsaisini haiyeyuki humo. Kunywa maziwa.

Alhamisi, pua

Sukari iliyochanganywa na unga wa mdalasini, nusu kijiko. Bana pua kabla ya kuweka mdomoni, tafuna, sema nini. Wote wanasema sukari. Achia pua. Mdalasini unaingia ghafla, kichwa kizima, na mtu anafungua macho. Hapa ndipo darasa zima lilielewa kitu ambacho nimekuwa nikikieleza kwa mdomo kwa miaka bila mafanikio, kwamba ulimi unajua mambo machache, utamu, chumvi, uchachu, uchungu na umami, na vingine vyote tunavyovisifia kwenye chakula, iliki ya kwenye pilau, embe kuwa embe na sio pasheni, ni kazi ya pua. Harufu inapanda kwa nyuma, kutoka kooni kwenda juu puani, kila unapotafuna na kumeza, na ubongo unaihesabu kuwa imetoka mdomoni. Ndio maana ukiwa na mafua chakula kinakuwa hakina maana lakini chumvi bado unaisikia.

Juu kabisa ndani ya pua, chini ya ubongo, kuna kipande kidogo cha ngozi laini, sentimita za mraba chache tu, na humo kuna seli za neva mamilioni ambazo vichwa vyake viko nje kwenye ute. Hizi ni neva kabisa, zimegusana na hewa. Mikia yake inapita kwenye mfupa uliojaa matundu na kuingia moja kwa moja kwenye sehemu ya ubongo ya harufu. Mtu akigongwa vibaya kichwani, ajali ya bodaboda kwa mfano, hiyo mikia inaweza kukatika pale kwenye mfupa na akapoteza harufu bila pua kuumia.

Linda Buck na Richard Axel mwaka 1991 walionyesha familia kubwa ya jeni za vipokezi vya harufu, wakapata Nobel 2004. Binadamu tunavyo karibu aina 400 zinazofanya kazi. Rangi zote tunazoona zinatokana na aina 3 za koni, sasa fikiria 400. Kila harufu inaamsha mchanganyiko wake, na habari inafika kwenye sehemu za kumbukumbu na hisia bila kupita kwanza kituo cha katikati ambacho macho na masikio lazima yapite. Nilifungua chupa ya karafuu na watatu wakasema kwa pamoja "daktari wa meno". Ni sahihi kabisa, yujenoli, kemikali ya harufu ya karafuu, inatumika kwenye dawa za madaktari wa meno.

Jumamosi, mama wa mwanafunzi

Mama wa mmoja wa wanachama anauza vitumbua, alipata korona na harufu ikaondoka, imerudi nusu na iliyorudi haijakaa sawa. Kitumbua kikiungua hajui mpaka aone moshi. Mwanae alimweleza jaribio la mdalasini akaja mwenyewe shuleni kuuliza. "Mwalimu, kwahiyo ulimi wangu mzima?" Nikamwambia mama shikamoo, ndio, ulimi wako mzima. Kirusi kinashambulia zaidi seli za kulea zinazozizunguka neva za harufu, na zile neva zenyewe ni kati ya chache mwilini zinazozaliwa upya maisha yote.

Nikamweleza pia mazoezi ya kunusa yaliyopimwa na timu ya Thomas Hummel kule Dresden na kutolewa mwaka 2009, harufu nne, waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni kwa wiki 12, waliofanya waliendelea vizuri kuliko wasiofanya ingawa sio kila mtu. Nikamsisitiza aende pia kwa daktari wa masikio, pua na koo maana harufu inapotea kwa sababu nyingi. Madogo wakamtengenezea chupa nne siku hiyohiyo, karafuu na ganda la limau kutoka sokoni, jani la mkaratusi la nyuma ya bweni, na marashi ya waridi aliyoleta bibi wa binti mmoja. Ameomba chupa hizo ziwepo na kwenye maonyesho kwa sababu anajua wengine mtaani kwake, na yeye mwenyewe atakaa kwenye ile meza.

Kwahiyo mpangilio tumebadilisha. Meza ya pua inakaa mlangoni, ya kwanza, kila mgeni anabana pua na kula mdalasini kabla ya kitu kingine chochote. Kutoka pale anafunikwa jicho, anaenda kwenye ulimi, halafu kadi na jicho la ng'ombe, anamalizia stoo jicho lake likiwa tayari. Kimebaki kununua vijiti vya pamba vya kutosha, kuandika tahadhari ya pilipili kwa herufi kubwa, na pweza, ambaye analetwa alfajiri ya siku yenyewe akiwa kwenye barafu.